Kompyuta Isifute Bila ya Kapu

Usiku mmoja niliketi kupanga mashairi ya bibi yangu mzaa mama, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alinisomea kwa kinywa chake, nami nikayapiga chapa na kuyaweka katika flashi. Humo mlikuwa na majalada mawili yenye majina yanayoshabihiana. Nikafuta lile nililodhani halina kazi. Kompyuta ikauliza: una hakika? Nikabonyeza ndiyo. Kumbe ndilo lenyewe! Nilipokimbilia kapu la taka, sikukuta kitu.

Kapu hilo si geni. Apple waliliweka katika kompyuta ya Lisa mwaka 1983, na Microsoft katika Windows 95. Ni jambo la busara: kitu hutupwa, lakini mwenyewe aweza kukirudia. Ila katika Windows, kinachofutwa kwenye flashi kwa kawaida hakipitii kapuni. Hupotea moja kwa moja.

Mafundi watasema, "Si uliulizwa?" Naam, niliulizwa. Lakini swali hilo twaulizwa kila mara, hata kidole kimezoea kujibu kabla ya jicho kusoma. Mtu hulijua kosa lake akisha kulitenda. Basi kinga si kuulizwa, ni kurejeshewa.

Nionavyo mimi, kila kifutwacho, kitoke popote, kitiwe kapuni kwanza, kikae humo mpaka mwenyewe aamue kulimwaga.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Safari hii, ndugu msomaji, mjukuu ni mimi.