Video Yako Haijaharibika: Majibu kwa Madai ya Mitaani

Siku hizi mpiga video wa harusi hakabidhi tena diski. Anatuma kiungo cha Google Drive, cha Dropbox au cha seva ya Nextcloud, na kwaya, walimu na vikundi vya maigizo hufanya vivyo hivyo. Viungo hivyo huambatana na madai. Mengine huwamalizia watu bando bure. Mengine huwafanya wafute nakala ambayo hawataipata tena maishani. Hilo la pili ndilo linalonisukuma kuyajibu.

“Drive imeshusha ubora wa video yangu.” Hapana. Ukipakia video Google Drive, unapobonyeza kuitazama si faili yako yenyewe inayochezwa. Mfumo hutengeneza kutokana nayo nakala za kutazamia zenye ukubwa mbalimbali, kisha hukuonyesha ile inayolingana na kasi ya mtandao wako. Kazi hiyo huchukua muda. Anayefungua kiungo mapema huambiwa video bado inashughulikiwa, au huona picha yenye ukungu kwa sababu nakala kubwa haijawa tayari. Hata hiyo kubwa haivuki pikseli 1920 kwa 1080, kwa hiyo video ya 4K haitaonekana kwa 4K humo hata ukisubiri mwezi. Lakini faili uliyoipakia imekaa vilevile, baiti kwa baiti, na mteja akiipakua anapata kile kile kilichotoka kwenye kompyuta yako. Pima ubora kwa faili iliyopakuliwa, si kwa kile kinachochezwa ndani ya kivinjari.

WhatsApp ni kesi nyingine, na huko malalamiko yana msingi. Video ikitumwa kama video hubanwa kabla ya kuondoka kwenye simu, na mpokeaji hana njia ya kurudisha kilichopunguzwa. Itume kama hati. Tangu 2022 hati inaruhusiwa kufika GB 2.

“MP4 hucheza kila mahali.” Dai hili limewapotosha hata mafundi wazuri. MP4 ni kasha tu. Ndani yake mna picha na sauti, na kila kimoja kimebanwa kwa mbinu yake, inayoitwa kodeki. Kasha likiwa na picha ya H.264, kiwango kilichotoka 2003, karibu kila simu na kila kivinjari kitaifungua. Likiwa na HEVC, kiwango cha 2013, mambo hubadilika. HEVC hubana vizuri mno, hata kukaribia nusu ya ukubwa kwa ubora uleule, na ndiyo maana Apple iliileta kwenye iPhone mwaka 2017 pamoja na iOS 11. Ila hataza zake zimegawanyika mikononi mwa makampuni mengi yanayodai malipo, na watengenezaji wengi wa vivinjari waliikwepa kwa miaka. Chrome ilianza kuipokea 2022, tena kwa kutegemea uwezo wa kifaa chenyewe. Matokeo yake unayajua: sauti inasikika, kioo cheusi.

Hapa ndipo majukwaa yanapotofautiana. Drive huigeuza video kwa ajili ya kutazama, hivyo mtazamaji hajui kilichomo ndani ya kasha. Nextcloud, ikiachwa ilivyosakinishwa, humpa mtazamaji faili kama ilivyo na kumwachia kivinjari kazi yote. Faili moja itacheza kule na kugoma huku, wala hakuna seva iliyokosea.

Wanaoshauri kubadilisha jina la faili, kutoka .mkv, ambalo ni kasha jingine, kuwa .mp4, wanabadilisha jina tu. Kilichomo hakijaguswa.

“Kugeuza faili hakupunguzi kitu.” Inategemea umegeuza nini. Kama MKV yako ina picha ya H.264, programu ya FFmpeg, aliyoianzisha Fabrice Bellard mwaka 2000, inaweza kuihamishia kwenye MP4 bila kuibana upya. Kazi huisha haraka na hakuna hata pikseli moja iliyopotea. Lakini ukiitoa HEVC kuipeleka H.264, kila fremu hufunguliwa na kubanwa upya, na kila ubanaji wa namna hii hutupa sehemu ya taarifa. Rudia mara tatu au nne, nyuso zitaanza kufifia na vivuli vitagawanyika vipande vipande. Kuipandisha ya 720p iwe 4K nako hakurudishi chochote; unapata faili nzito yenye picha ileile. Kwa hiyo nakala ya kutazamia itengenezwe kutoka faili ya asili, na faili ya asili isifutwe. Sauti ya bibi aliyekwishafariki, iliyobanwa na kubanwa tena, hakuna programu itakayoirudisha ilivyokuwa.

“Ikikwama, mtandao ndio mbovu.” Mara nyingi ndiyo. Video iliyorekodiwa kwa megabiti 8 kwa sekunde humeza MB 60 kila dakika, na saa moja ni GB 3.6, laini dhaifu haiwezi. Ila kuna sababu isiyotajwa. MP4 ina faharasa inayoiambia programu ya kuchezea kila fremu iko wapi, na programu nyingi za kurekodi huiandika mwishoni mwa faili. Faili ya namna hiyo ikitolewa na seva ambayo haiigeuzi, kivinjari hulazimika kwanza kuitafuta huko mwishoni. Na seva ikiwa haijui kutoa kipande cha faili, mtazamaji husubiri faili nzima ishuke. Dawa ni kuileta faharasa mbele. FFmpeg hufanya hivyo bila kubana upya, na programu ya HandBrake ina kisanduku cha kuweka alama kwa kazi hiyo unapotengeneza nakala.

“Tovuti za kugeuza bure zinatosha.” Video ya GB 1 utaipandisha yote kwa bando lako, kisha uishushe tena ikiwa imegeuzwa. Na katikati ya safari hiyo, harusi ya mteja wako au mtoto wako akioga viko kwenye seva ya mtu usiyemjua, kwa masharti usiyoyasoma. HandBrake na FFmpeg ni za bure vilevile, na hufanya kazi yote ndani ya kompyuta yako, hata intaneti ikiwa imezimwa.