MCHANGO WA MAZISHI TU?



Daftari ya mchango ikipita karakana au stesheni, sote twatoa, maana ni mazishi. Tukinong'onezwa kuwa marehemu ni binti wa mwenzetu wa Kawangware au Kangemi, na kwamba ni mimba iliyotolewa kichochoroni, twainamisha vichwa na kutoa vile vile. Lakini alipokuwa hai, hana hata nauli ya kwenda kliniki, nani alipitisha daftari?

Jambo hili lina historia yake. Mwaka 1959 ilitungwa sheria iliyompa mwanamke asiyeolewa haki ya kumshitaki baba wa mtoto ili apate matunzo. Juni 1969 Bunge likaifuta, wengine wakidai wasichana wameifanya biashara. Bunge lile halikuwa na mwanamke hata mmoja aliyechaguliwa. Grace Onyango, wa kwanza, alichaguliwa Desemba mwaka ule ule, sheria imekwisha kwenda. Ikapita miaka 41 mpaka Katiba ya 2010, kifungu cha 53, ikasema baba na mama wana wajibu sawa kwa mtoto, wameoana au hawakuoana. Wale kati yetu wanaoomba zamu ya mbali mara wakisikia habari ya tumbo, na wajue hivyo.

Kifungu cha 26 kinakataza kutoa mimba, ila mtaalamu wa afya akiona maisha au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine ikiruhusu. Wanachama wana dini zao na hawatakubaliana hapa, hatuwalazimishi. Lakini kwa mwaka 2012 pekee ilikadiriwa kuwa mimba zaidi ya 460,000 zilitolewa Kenya. Hao ni dada zetu na binti zetu. Mwanamke akitokwa na damu, apelekwe hospitali upesi, maswali baadaye. Kifungu cha 43 kinasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura.

Na tajiri akimfukuza mfanyakazi kwa ajili ya mimba, aje kwa katibu wa tawi siku ile ile. Sheria ya Kazi ya 2007 haikubali sababu hiyo, nayo inampa mama likizo ya miezi 3 kwa mshahara kamili.

Twapendekeza mkutano ujao wa tawi utenge sehemu ya mfuko wa mazishi kwa wasichana hawa: nauli, kliniki, nguo za mtoto. Fedha zishikwe na wanachama wanawake, na jina la mwombaji lisisomwe mkutanoni.