UA WETU UNAPAKWA MAFUTA KWA MGONGO WA CHUPA

Najua wenzangu wengi wameandika juu ya mapenzi, ukabila na nidhamu, nami nakuja na habari ya mabanzi. Msinicheke. Someni kwanza.

Kila mwaka, juma moja kabla ya Siku ya Wazazi, shule hii hushikwa na homa ya usafi. Mawe ya kando ya njia hupigwa chokaa, nyasi hufyekwa, na ule ua wa mbao ulioko nyuma ya mabweni hupakwa oili chafu, ile nyeusi inayomwagwa kutoka kwa injini za malori. Wapakaji ni akina nani? Ni wale waliochelewa gwaride la asubuhi. Hupewa matambara, brashi hakuna, glavu ndiyo usiulize. Wazazi hufika, huona ua unang'aa, husifu, hula wali, huenda zao. Mvua ikinyesha mara kadhaa, oili yote iko mtaroni na mabanzi yamerudia rangi yake ya kijivu.

Maoni yangu ni kwamba jambo hili ni hasara tupu, tena ni hatari, na likomeshwe.

Tuanze na hasara. Mbao haiharibiwi na uzee, huharibiwa na jua, maji na wadudu. Miale ya jua huvunja ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mti, ndiyo maana ua hugeuka kijivu kwanza. Mvua huja ikaingia, mbao ikavimba. Jua likiwaka tena mbao hunywea. Kuvimba na kunywea huko ndiko kuletako nyufa, na ndani ya ufa maji hukaa, kuvu huota, basi imekwisha. Mchwa nao hawahitaji mwaliko. Tazameni nguzo yoyote iliyooza: huanza kuoza pale pale inapokutana na udongo, kwa sababu hapo pana unyevu na hewa kwa pamoja. Sisi tunapaka wapi? Tunapaka katikati, mahali macho ya mgeni hufika! Chini hakuna anayeinama, wala juu kwenye ncha zilizokatwa, ambako mbao hunywa maji kama mtu anywaye soda kwa mrija.

Wapo watakaosema, "Lakini oili chafu ni ya bure, hata mababu zetu waliitumia." Sikatai kwamba ikiwa mbichi hufukuza maji, na mchwa huikimbia kwa muda. Lakini haikauki ikashikamana na mbao. Waulizeni wenye mashati meupe walioegemea ua ule. Kisha ndani yake mna vumbi la chuma kilichosagika na kemikali za moto wa injini. Madaktari huonya kuwa oili iliyotumika ikigusa ngozi mara kwa mara kwa miaka mingi yaweza kuleta saratani ya ngozi. Sasa jamani, mtoto kachelewa dakika tano, ndiyo adhabu yake hiyo? Na bustani ya sukuma wiki iko hatua chache tu kutoka pale, upande wa mteremko.

Hatari nyingine ni kubwa kuliko hiyo, nayo haisemwi. Mabanzi yakioza, huenda wapi? Huenda jikoni kuwa kuni. Pamoja nayo huenda vipande vya zile nguzo za rangi ya kijani-kijani, ambazo hutiwa dawa kiwandani yenye shaba, kromiamu na aseniki. Aseniki ni sumu. Nguzo ikiwa imesimama uani haina neno kubwa, lakini ikichomwa, sumu hutoka na moshi na nyingine hubaki majivuni. Mpishi anauvuta moshi huo kila alfajiri akitupikia uji.

Hapa naomba niwakumbushe wanachama wa chama chetu kwamba Waswahili wenyewe walijua kazi hii zamani. Mabaharia wa pwani hawakuacha jahazi lioze. Walipaka mbao za juu sifa, yaani mafuta ya papa (ndiyo, neno ni lile lile la kusifiwa, ila harufu yake haina sifa yoyote), na chini ya maji walipaka deheni, mchanganyiko wa chokaa na mafuta. Wala hawakungoja mgeni aje. Chombo kilipandishwa ufuoni, kikakwanguliwa, kikapakwa upya, na mara kwa mara vivyo hivyo. Neno deheni limo kwenye kamusi zetu za maktaba, lakini maana yake haijafika stoo.

Nimeongea na fundi mmoja wa jua kali, naye akacheka aliposikia tunapaka mabanzi yakiwa bado mabichi kutoka kiwanda cha mbao. Mbao mbichi, alisema, ina maji yake ndani, haipokei kitu. Iachwe ikauke majuma kadhaa. Kisha ipakwe mafuta ya mbao yenye rangi, yale yanayopenya, kwa maana rangi ile huzuia jua. Vanishi hukaa juu tu kama ngozi, ikipasuka maji huingia chini yake na haitoki. Jua kali la saa sita nalo si wakati wa kupaka, mafuta hukauka kabla hayajazama. Na ukitaka kujua kama ua unahitaji kupakwa tena, nyunyiza maji. Yakisimama kama matone juu ya jani la nduma, bado. Yakinyweka, leta brashi.

Gharama? Mafuta hayo si rahisi, nakubali. Lakini mbao nazo si rahisi. Serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma mwezi wa Februari 2018, bei ilipanda, na hata baada ya marufuku hiyo kutangazwa kuondolewa Julai 2023, mzazi ndiye anayelipa kila ua unapojengwa upya. Kuna wanaopendekeza tupande kaiyaba. Ni wazo zuri, ila kaiyaba huchukua miaka kufunga, na ng'ombe wa majirani hawana subira hiyo.

Ombi langu kwa mwalimu mkuu na chama cha wazazi ni dogo. Masika huanza Machi, kwa hiyo kazi ifanywe Januari au Februari, wakati wa ukavu, na mfanyakazi anayelipwa, kwa brashi na glavu, kuanzia chini udongoni hadi kwenye ncha. Na lile rundo la mabanzi ya zamani na nguzo za kijani lililoko nyuma ya jikoni liondolewe juma hili, kabla mpishi hajalifikia.