Neno "Clean" na Maana Zake

Neno "clean" ni miongoni mwa maneno ya kwanza ambayo mtoto hufundishwa katika somo la Kiingereza. Huambiwa kwamba maana yake ni safi, naye huliandika katika daftari lake kando ya picha ya ufagio, akaona kazi imekwisha. Lakini mtu mzima akutanapo na neno hilo katika hati ya mauzo au barua ya kiwanda, maana ile ya ufagio haimfai sana. Mara nyingi kitu huitwa "clean" kwa sababu kipo kingine kilichoondolewa juu yake. Basi yampasa msomaji kuuliza: kimeondolewa nini, na nani aliyekiondoa?

Mfano ulio karibu na wakulima wa Solai na Subukia, katika Kaunti ya Nakuru, ni kahawa. Matunda mabivu yakifika kiwandani humenywa, huachwa yachachuke ili ute utoke, huoshwa kwa maji mengi, kisha huanikwa juani. Mtu angedhani kahawa iliyooshwa hivyo ni "clean". Sivyo. Bado imevaa ganda lake gumu, na katika biashara haiitwi "clean" mpaka kinu kiikoboe. Kumbe kitu chaweza kuoshwa na bado kisiwe "clean", jambo ambalo mwalimu wa darasa la tatu hakulieleza.

Tofauti hiyo ni fedha. Katika mnada wa Nairobi bei hutajwa kwa dola za Marekani, kwa gunia la kilo 50 la kahawa iliyokwisha kukobolewa. Kupata kilo moja ya kahawa hiyo huhitajiwa kilo 6 au 7 hivi za matunda. Yaani gunia moja la mnada ni kilo 300 hadi 350 za matunda yaliyochumwa. Mkulima asikiaye bei ya mnada, akaigawanya kwa 50 na kuizidisha kwa kilo alizopimiwa kiwandani, atajiona ameibiwa hata pale ambapo hakuibiwa. Karani wa chama asiyelieleza jambo hili mkutanoni hujitafutia ugomvi bure, tena huwarahisishia kazi wezi wa kweli.

Ama katika ardhi, neno hili ni la hatari zaidi. Mtu atafutaye kiwanja mjini Nakuru, iwe Section 58 au mtaa mwingine, ataahidiwa na muuzaji "clean title". Maana yake ni hati isiyo na deni wala dai la mtu mwingine. Mnunuzi mwangalifu huomba upekuzi rasmi katika daftari la ardhi, ili aone kama kuna rehani, zuio au amri ya mahakama. Hilo ni jema, lakini halitoshi. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 yatambua haki nyingine ambazo hazikuandikwa daftarini, kama vile njia ya kupita, na amana za kimila ambazo mtu mmoja huandikishwa ardhi kwa niaba ya jamaa zake.

Tena hati yaweza kuwa nyeupe, na asili yake iwe na tope. Mwezi wa Aprili 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kesi ya kiwanja kimoja cha Mombasa ambacho mtu alikuwa amegawiwa mwaka 1989, kisha kampuni ikakinunua. Mahakama iliona kwamba mahali hapo palikuwa pa matumizi ya umma, wala hapakugawiwa kwa njia ya halali; basi kampuni haikuweza kujikinga kwa hati iliyokuwa nayo. Anayenunua hana budi kuuliza muuzaji alipataje, na aliyemuuzia huyo naye alipataje.

Huko huko mahakamani husemwa kwamba mwenye kuomba amri ya zuio aje na mikono "clean", maana yake asiwe yeye mwenyewe ametenda hila katika jambo hilo hilo. Sabuni haihusiki. Makarani nao wana nakala "clean", isiyo na masahihisho. Na mtu akiambiwa "come clean", anatakiwa kusema kweli yote aliyoificha.

Liko jamaa moja la neno hili, "cleansing", ambalo tangu vita vya Yugoslavia vya miaka ya 1990 hutumiwa pia kwa kufukuza watu wa kabila fulani. Kiswahili nacho hakikunusurika. Katika Bonde la Ufa majirani waliitwa "madoadoa", kana kwamba nchi ni nguo. Mwezi wa Aprili 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa iliorodhesha neno hilo, pamoja na "kwekwe", miongoni mwa maneno ya chuki. Mkulima ajua vema kwekwe hufanywaje. Mwezi wa Januari 2008, maelfu ya watu walioitwa hivyo au walioogopa kuitwa hivyo walilala katika uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Nakuru, na katika magazeti ya Kiingereza habari zao ziliandikwa kwa neno la ukoo mmoja na lile linalotumiwa kwa gunia la kahawa.