Njia za miguu Dodoma: Mkulima wa zabibu asiliachie soko linalopita mlangoni

Kila msimu wa mavuno ya zabibu mkoani Dodoma malalamiko huwa yale yale. Zabibu zimeiva na mnunuzi hajafika, au amefika na bei yake aliyokwisha kuipanga. Zabibu si mahindi ambayo mkulima anaweza kuyaweka ghalani akangoja bei ipande. Zikishachumwa haziongezi utamu, na zile za mvinyo zinatakiwa kukamuliwa haraka. Kwa hiyo mkulima hukubali bei yoyote, maana kukataa ni kuziacha zioze.

Dawa kubwa ya tatizo hili inajulikana, nayo ni viwanda vya kusindika, vyumba vya baridi na mikataba inayoheshimiwa na pande zote mbili. Dawa hiyo inahitaji mtaji na muda. Leo tunataka kuzungumzia dawa ndogo, ambayo wakulima wenyewe wanaweza kuianza bila kungoja mwekezaji. Nayo ni kufungua njia za miguu zinazopita katika mashamba ya mizabibu, kwenye vilima na kwenye maeneo ya historia, ili mnunuzi aje kwa miguu yake hadi shambani.

Wapo watakaocheka. Watauliza ni nani mwenye akili timamu atalipa fedha ili atembee juani, wakati mkulima hutembea humo humo kila siku bila malipo. Wanaouliza hivyo wamesahau historia ya Ugogo.

Katika karne ya 19 misafara mingi mikubwa kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Ugogo kwa miguu. Nchi ilikuwa kavu, na maji na chakula vilikuwa mikononi mwa wenyeji. Watemi wa Kigogo walitoza ushuru wa kupita, kwa vitambaa na shanga. Burton na Speke waliulipa walipopita mwaka 1857, na Stanley naye aliulipa mwaka 1871, tena kwa manung'uniko mengi. Ushuru huo uliitwa hongo. Leo neno hilo limeharibika na maana yake ni rushwa, lakini asili yake ilikuwa malipo ya wazi ya mgeni kwa mwenye nchi, mwenye maji na mwenye njia.

Wazo la mpita njia kumlipa mwenyeji basi halikuletwa na watalii. Swali ni namna ya kulifufua kwa haki, kwa stakabadhi na kwa manufaa ya wote.

Hapa tunaweza kujifunza kwa Waswisi. Kando ya ziwa Geneva, kati ya miji ya Lausanne na Montreux, kuna eneo la mashamba ya mizabibu liitwalo Lavaux. Ni kilima kikali kilichokatwa ngazi kwa ngazi na kuzuiwa kwa kuta za mawe. Watawa walianza kazi hiyo yapata karne ya 11, na mpaka leo sehemu kubwa ya kazi hufanywa kwa mikono kwa sababu ya mwinuko. Mwaka 2007 UNESCO iliingiza eneo hilo katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Katikati ya mashamba hayo zinapita njia za miguu. Mojawapo, kati ya vijiji vya Saint-Saphorin na Lutry, ina urefu wa kilometa 11 hivi. Mtembeaji huona ziwa upande mmoja na mizabibu upande mwingine. Katika kanisa la Saint-Saphorin hukuta jiwe la barabarani lililochongwa enzi za Warumi. Hakuna uwekezaji wa kutisha. Njia nyingi ni zile zile za wakulima, zimewekewa vibao vya manjano vinavyomweleza mgeni itamchukua muda gani kufika kijiji kinachofuata. Akichoka, hupanda treni katika kituo cha kijiji.

Jambo linalomhusu zaidi mkulima mdogo ni hili. Vijiji kadhaa vya Lavaux vina nyumba moja ya kuonjea mvinyo inayotumiwa na wakulima wote wa kijiji. Wanapeana zamu; leo mgeni anahudumiwa na mkulima huyu, kesho na mwingine. Hakuna anayelazimika kujenga duka lake, na hakuna anayeachwa nje kwa sababu shamba lake liko mbali na barabara. Tena ikumbukwe kuwa karibu mvinyo wote wa Uswisi hunywewa huko huko Uswisi. Soko lao la kwanza ni jirani yao, wala si meli ya kwenda ng'ambo.

Sasa tuitazame Dodoma. Zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, wakati Ulaya wanavuna mara moja tu. Mavuno ya nusu ya pili ya mwaka huangukia kiangazi, wakati njia ni kavu na anga ni safi. Kaskazini mwa jiji kuna Makutupora, kituo cha utafiti wa zabibu ambacho jina lake limepewa hata aina ya zabibu nyekundu. Hombolo kuna mizabibu pamoja na bwawa kubwa lililochimbwa enzi za mkoloni. Kuna vilima vya mawe, mibuyu, na tembe za Kigogo ambazo bado zinakaliwa. Mpwapwa ilikuwa kituo cha misafara. Ukiendelea kaskazini kwa barabara ya Kondoa unafika Kolo, penye michoro ya miambani iliyoingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, katika eneo lenye miamba ya michoro zaidi ya 150.

Wateja nao wapo. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa mwaka 1973, lakini ni tangu mwaka 2016 watumishi wa Serikali walipohamia kwa wingi. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inamfikisha abiria wa Dar es Salaam Dodoma kwa saa chache. Hao ni watu wenye mshahara wanaotafuta mahali pa kwenda Jumamosi na watoto wao. Wengi hawajawahi kuona mzabibu kwa macho.

Tufanye hesabu ndogo ya mfano. Tuseme kijiji kina njia moja na kinapokea watembeaji 30 kila Jumamosi, kwa Jumamosi 20 za kiangazi. Jumla ni watu 600. Kila mmoja akilipa shilingi 5,000 za njia na kiongozi, inapatikana shilingi milioni 3. Akila chakula cha shilingi 10,000 kwa akina mama wa kijiji, hizo ni milioni 6. Akinunua kilo mbili za zabibu, kilo 1,200 zimeuzwa pale pale shambani, bila dalali, bila gari na bila kreti.

Tuseme ukweli, kilo 1,200 si nyingi. Ekari moja iliyotunzwa vizuri hutoa zaidi ya hapo. Anayedhani njia za miguu zitamaliza zabibu zote za Dodoma anajidanganya, na kiwanda bado kitahitajika. Lakini milioni 9 zinazoingia kijijini kwa mkono wa wateja wengi wadogo ni tofauti na fedha za mnunuzi mmoja mkubwa. Zinamfikia pia asiye na mzabibu hata mmoja: mpika wali, kijana anayeongoza wageni, mfuma vikapu. Na mkulima mwenye mahali pengine pa kuuza, hata kama ni padogo, huzungumza na mnunuzi mkubwa akiwa amesimama wima.

Hata hivyo, kuna tahadhari ambazo hatuna budi kuzitaja. Kwanza, njia ipite pale ambapo watu wanapita tayari, na kila mwenye shamba akubali kwa maandishi. Mgeni akipitishwa shambani kwa mtu bila ridhaa, ugomvi utaanza kabla ya biashara. Pili, mizabibu hupuliziwa dawa. Siku ya kupulizia, na siku zote ambazo maelezo ya dawa yanakataza kuingia shambani, sehemu hiyo ifungwe kwa kamba na bendera nyekundu, na zabibu zake zisiuzwe mpaka muda uishe. Mtoto mmoja akiugua, njia nzima imekufa.

Tatu, mvinyo unaotengenezwa nyumbani usiuzwe kwa wageni bila leseni na bila kupimwa ubora. Anayetaka kuanza haraka, au ambaye dini yake hairuhusu pombe, anayo zabibu mbichi, zabibu kavu na juisi, ingawa juisi nayo inataka usafi na kibali chake. Nne, maeneo ya historia yana sheria. Michoro ya Kolo haiguswi wala haimwagiwi maji ili ing'ae kwenye picha, na anayeitembelea aanzie ofisi ya Mambo ya Kale iliyopo pale pale. Tano, fedha za njia ziandikwe katika daftari linalosomwa mbele ya mkutano mkuu wa kijiji. Tusipofanya hivyo, hongo itarudi kwa maana yake ya leo.

Lipo jambo la mwisho ambalo ni kubwa kuliko yote, nalo ni ardhi. Jiji linakua, na viwanja vinapimwa hadi mahali palipokuwa mashamba. Mkulima aliyekata tamaa kwa bei ya zabibu huuza shamba lake mara moja, fedha zinakwisha, na mizabibu inang'olewa. Lavaux nako tishio la majengo lilikuwapo. Mwaka 1977 wananchi wa jimbo hilo walipiga kura eneo hilo lilindwe, na ulinzi huo ukaingizwa katika katiba ya jimbo. Walifanya hivyo kwa sababu walishaona kuwa mandhari yao ni mali.

Sisi tunayo Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, inayotoa nafasi ya hati za haki miliki ya kimila na kuupa mkutano mkuu sauti juu ya ardhi ya kijiji. Vijiji vya Chamwino na kwingineko vinavyolima zabibu vipange sasa matumizi ya ardhi yao na kuonyesha njia hizo katika ramani. Kwa mashamba yaliyomo ndani ya mipaka ya Jiji, halmashauri iyatambue katika mipango yake kama eneo la kilimo na matembezi, kabla hayajageuka kuwa viwanja.

Tunashauri kazi ianze na kijiji kimoja, njia moja isiyozidi saa tatu, vibao vya mbao, choo safi na kibanda kimoja cha zamu. Ikifaulu, jirani ataiga. Wahenga wa Ugogo walijua kwamba mwenye njia na mwenye maji hakosi chake. Wajukuu wao wasikae pembeni wakati wapita njia wanarudi.