Barua ya Fundi kwa Mteja Wake

Wako wafanyabiashara wengi katika miji yetu ambao, wakishauriwa kutangaza bidhaa zao, hujikinga kwa methali isemayo kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Na kwa itikadi hiyo hukaa barazani mwa maduka yao wakingoja riziki iwafuate, ilhali mteja aliyenunua kwao mwaka jana amekwisha kuhamia kwa mwingine, si kwa ubaya wa bidhaa wala ughali wa bei, bali kwa kuwa hakuna aliyemkumbuka. Rai yangu ni kwamba mwenye biashara ndogo, hususan fundi, aweza kujitangaza pasina kupoteza heshima wala mtaji wake, iwapo atairejea njia ya kale ambayo wengi wameidharau, nayo ni barua ipelekwayo nyumbani kwa mteja.

Njia hii imekwisha kujaribiwa kwingine. Mwaka 1872, mjini Chicago, Aaron Montgomery Ward alianza tijara yake kwa karatasi moja tu ya bidhaa na bei, akaipeleka kwa posta kwa wakulima wa mashambani, na baada ya miaka karatasi ile ikawa kitabu kinene. Na tangu mwaka 2011 Posta ya Marekani huwawezesha wenye maduka madogo kufikisha tangazo katika kila nyumba ya mtaa wautakao, bila hata ya kuandika jina la mtu. Kwetu hayo yalikuwa mazito, maana posta yetu tangu zamani imezoea kuziweka barua katika masanduku ya kukodi. Lakini Tanzania ilipoendesha operesheni ya anwani za makazi mwaka 2022, kabla ya Sensa ya mwezi wa Agosti, mitaa ilipewa majina na nyumba zikapewa namba. Hata kijana wa dukani leo aweza kuufikia mlango wa mteja na kumkabidhi barua yake mkononi.

Natutwae mfano wa fundi cherehani ashonaye kanzu na magauni huko Magomeni. Kila mwaka, kumi la mwisho la Ramadhani likiingia, watu humjia kwa kishindo na vitambaa vyao, naye hulazimika ama kuwarudisha, ama kupokea asichokiweza na kuwaacha watoto wa watu waamke siku ya Idi bila nguo mpya. Na huku mezani pake lipo daftari lenye majina ya wateja, mitaa yao, na vipimo vya mabega, mikono na urefu! Lau angeketi katika mwezi wa Shaabani akawaandikia wateja 50 wa mitaa ya jirani, kila mmoja kwa jina lake, akawaambia baada ya salamu: "Vipimo vya wanao ninavyo tangu mwaka jana, ila bila shaka wamekua, tafadhali walete niwapime upya kabla ya tarehe 5 ya Ramadhani, na nguo zao zitakuwa tayari tarehe 25," angekuwa ameieneza kazi yake mwezi mzima, na mama aliyeipokea barua hiyo asingekuwa na sababu ya kwenda kwingine.

Wapo watakaosema kwamba ujumbe wa simu ni mwepesi zaidi, nami sikatai. Illa ujumbe umwagwao kwa maelfu ya namba hufika ukiwa umesongamana na matangazo ya bahati nasibu na mikopo, ukafutwa kabla ya kusomwa, kama vile kipeperushi kigawiwacho ovyo stendi kinavyoishia kufungia karanga. Fauka ya hayo, jina la mtu na kipimo chake ni amana, na sheria za kulinda taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, zimelitilia nguvu jambo hilo. Basi fundi asiiuze orodha yake wala asiiazimishe, na mteja aombaye asiandikiwe tena afutwe bila ya maneno.

Ama barua yenyewe, na iwe fupi, yenye jambo moja, bei iliyo dhahiri, siku na mahali. Mteja ajaye nayo apunguziwe kidogo, na fundi azihifadhi barua zilizorudi na kuzihesabu mtaa kwa mtaa, apate kujua mwakani aandike wapi na aache wapi.

Lakini barua ni ahadi iliyotiwa saini. Fundi aliyetaja tarehe 25, kisha akasingizia umeme, atakuwa amempa mteja hati ya kumsuta. Kwa hiyo, kabla ya kununua bahasha, na ahesabu kwanza cherehani yake yaweza kutoa nguo ngapi hadi siku aliyoiahidi, na barua zake zisizidi hesabu hiyo.