Siku Tuliyovuka Ruzizi Kwenda Kuangalia Kinga



Juma lililopita, tulipokuwa tukisafisha kabati la kikundi, tuliokota kofia ndogo ya kitambaa iliyokwisha kupauka. Wa zamani kati yetu waliitambua mara moja, wakaanza kucheka. Wapya wakauliza: hii inatoka wapi? Basi katika ukurasa huu tunawajibu wote pamoja.

Ilikuwa Jumanne, tarehe 25 Februari 2020. Mashindano ya baiskeli ya Tour du Rwanda yalikuwa yameanza Jumapili yake. Siku hiyo, ya tatu kati ya siku nane, waendeshaji walikuwa wanatoka Huye, wanakata msitu wa Nyungwe, kisha wanafika Rusizi: kilometa 142. Rusizi ni ng'ambo tu ya mto. Sisi wa Bukavu tunaamka kila asubuhi tukiziona nyumba zake.

Kabla ya kwenda tuligombana kidogo, tusifiche. Kuna waliosema: mama mwenye akili anaachaje meza yake sokoni akaangalie vijana wanaoendesha kinga? Wengine wakasema tungoje mwaka kesho, deni la shule likishapungua. Ndipo mmoja wa wakubwa wetu akasema: «Watoto wetu wanakua wakituona tukichoka tu. Hawajatuona hata siku moja tukifurahi.» Maneno yakaisha hapo. Kila mmoja alijilipia safari yake. Kisanduku cha likelemba hakikuguswa.

Tulikuwa mama kumi na mmoja na watoto sita. Kati yetu alikuwamo mama mmoja ambaye kazi yake ni kubeba mizigo, kutoka Beach Muhanzi kupanda hadi soko la Kadutu, gunia mgongoni na kamba kwenye paji la uso. Asipobeba leo, nyumbani hakuna bugali leo. Tulimchangia unga na sambaza za siku ile ili aje nasi bila moyo mzito. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu akakubali.

Tulivuka Ruzizi ya kwanza mapema, kila mtu na jeton yake mkononi, tukapanda gari hadi Kamembe. Mwenye duka mmoja alitushauri vizuri: msikae pale wanapomalizia, watu ni wengi na mtaona migongo tu. Kaeni penye mlima, pale wanapita polepole. Tukatafuta mahali penye mlima, tukatandika kikwembe kwenye majani, tukafungua mihogo yetu ya kuchemsha.

Tulingoja zaidi ya saa tatu. Barabara ilijaa: wanafunzi katika sare zao, mama wenye watoto mgongoni, wazee na fimbo zao. Magari ya matangazo yalitangulia na muziki, yakitupa kofia. Ndiyo hiyo kofia ya kabatini. Kisha polisi wa pikipiki, kisha kimya. Halafu tukasikia kelele kutoka chini, zikipanda kama mvua inayokuja juu ya mabati.

Wa kwanza walipita tukiwa bado tunanyoosha shingo. Kisha likaja kundi kubwa, wamebanana, rangi zote, na sauti ya minyororo yao. Walikuwamo Waeritrea, Waethiopia, Wafaransa, Wakolombia na wenyeji Wanyarwanda. Tulikuwa karibu kiasi cha kuona jasho likidondoka puani. Sisi tuliodhani ni mchezo tu tulinyamaza.

Kijana aliyesimama karibu nasi alitueleza mambo. Anayekwenda mbele anapigwa na upepo, na wa nyuma yake wanapumzika kidogo. Kwa hiyo wanabadilishana: huyu anavunja upepo, anarudi nyuma, mwingine anashika. Tena katika kila timu kuna wale wanaorudi kwenye gari kuchukua maji ya wenzao, wakijua kwamba wao hawatashinda. Tukatazamana, mmoja wetu akasema: «Kumbe hii ni likelemba!» Tulicheka mpaka kijana mwenyewe akacheka.

Wa mwisho alikuja peke yake, muda mrefu baada ya wengine, chumvi imemkauka usoni. Watu walimpigia makofi kuliko walivyompigia wa kwanza. Mama wetu wa mizigo alisimama, akapiga makofi mpaka yule kijana akatoweka kwenye kona.

Hapo binti mmoja wa miaka tisa akauliza: «Na wasichana wako wapi?»

Hakuna aliyekuwa na jibu. Mama wa mizigo ndiye aliyemjibu, bila uchungu, akikunja kikwembe chake: «Siye tunapandaga kila siku, mwanangu. Ila hakunaga mwenye kutupigia makofi.»

Tulirudi jioni na kofia zetu. Njiani watu walizungumza, lakini maneno yale hatukuyaacha Kamembe. Yalivuka daraja pamoja nasi.

Mashindano yaliisha tarehe 1 Machi. Alishinda Natnael Tesfatsion wa Eritrea, kijana wa miaka 20. Kabla ya mwezi huo kwisha, mpaka ulifungwa kwa sababu ya korona, na kazi ya wengi wetu wanaouza ng'ambo ikasimama. Katika miezi ile migumu tulisimuliana sana habari za siku ya Kamembe. Wale waliokuwa wamesema tungoje mwaka kesho ndio waliosimulia zaidi.

Na lile swali la binti? Jibu lilikuja Septemba 2025. Mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika bara la Afrika. Wanawake nao walikimbia katika vilima vile, kilometa 164,6, na Magdeleine Vallieres wa Kanada akashinda. Wasichana wa Rwanda walikuwamo. Sisi hatukwenda; sababu mnazijua, hatuna haja ya kuziandika. Tuliangalia kwenye simu moja, vichwa vimegusana. Binti yule sasa ni msichana mkubwa. Hakusema neno mpaka mwisho, kisha akasema: «Kumbe walikuwa wanakuja.»

Mama wapendwa, hatuandiki haya ili kila mtu anunue kinga. Tunaandika kwa sababu tangu siku ile tumejizoeza jambo dogo. Tukikutana na mama mwenye mzigo penye mlima, hatupiti kimya. Tunamwambia: «Jikaze mama, umekaribia.» Mwenye mkono mtupu anasukuma gunia kutoka nyuma hatua chache. Watoto wetu wanapiga makofi. Mwanzoni wenye mizigo walidhani tunawacheka. Sasa wengine wanaitika kwa wimbo.

Mama wetu wa Muhanzi bado anabeba, ingawa si kila siku: zamu yake ya likelemba ilipofika alianzisha meza ya makala. Kofia ile tuliyookota tumempa yeye. Anaivaa chini ya kamba, anasema inamzuia asichubuke.

Kwa mkutano wa Jumamosi, kila kikundi kijiulize: ni nani kati yetu anavunja upepo tangu muda mrefu bila kubadilishwa? Mtajeni kwa jina, na mwenzake ashike mbele juma hili.

Kaeni na amani.